Kadi ya Mkopo Bila Deni: Mwongozo kwa Aliyehamia Marekani Karibuni

Ukifika Marekani kutoka Nyarugusu, Nairobi, Bukavu au Dar es Salaam, haupiti muda kabla ya kuulizwa habari za historia yako ya mikopo. Mwenye nyumba ataitafuta kabla ya kukukabidhi ufunguo. Muuza magari ataitazama kabla ya kukutajia riba. Kampuni ya umeme isipoiona inaweza kukudai amana kwanza. Haijalishi kwamba ulikuwa mwalimu mkuu Morogoro au mfanyabiashara Goma, wala kwamba ulilipa mikopo ya SACCOS na M-Shwari bila kuchelewa hata mara moja. Kumbukumbu za nyumbani kwa kawaida hazivuki mpaka. Huku unaanza ukurasa mtupu, na mbele ya mkopeshaji ukurasa mtupu haukupi heri.

Njia iliyo wazi kwa watu wengi ya kuanza kuujaza ukurasa huo ni kadi ya mkopo. Katika jamii zetu wapo wanaoiogopa kadi hiyo kabisa, nao wana sababu, maana wameona ndugu zao wakizama. Wapo pia wanaoipokea kama mshahara wa pili. Makundi yote mawili yanapata hasara. Ninachotaka ukishike katika mwongozo huu ni kimoja: kadi inaweza kukujengea jina zuri bila wewe kulipa hata senti moja ya riba. Anayekuambia kwamba lazima ubakize deni kidogo kila mwezi ili alama zipande anakupoteza, hata kama ana nia njema.

Alama zinavyohesabiwa

Kuna kampuni tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo ya watu Marekani: Equifax, Experian na TransUnion. Benki na wakopeshaji wengine huzipelekea habari zako kila mwezi: una akaunti gani, unadaiwa kiasi gani, umelipa kwa wakati au umechelewa. Kutokana na habari hizo, fomula maalumu hutoa alama. Inayotumiwa sana ni ile ya kampuni ya FICO, iliyoanza kutolewa kwa matumizi ya jumla mwaka 1989. Alama zake huanzia 300 hadi 850. Ukifika 670 unahesabiwa kuwa na alama nzuri; ukifika 740 ni nzuri sana. Chini ya 580 milango mingi inafungwa, au inafunguliwa kwa riba kali.

FICO yenyewe imetangaza mambo matano inayoyapima. Historia ya malipo ina uzito wa asilimia 35. Kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganishwa na kikomo cha kadi zako, asilimia 30. Umri wa akaunti zako, asilimia 15. Maombi mapya ya mikopo, asilimia 10. Aina za mikopo uliyonayo, asilimia 10. Ukijumlisha mawili ya kwanza unapata asilimia 65. Kwa hiyo mtu anayelipa kwa wakati na kutumia sehemu ndogo tu ya kikomo chake ameshafanya kazi kubwa kuliko yote, hata kama ana kadi moja tu na kipato chake ni kidogo.

Kipato chenyewe hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anaweza kuwa na alama nyingi kuliko daktari. Uraia haumo, dini haimo, na lafudhi yako haimo. Sheria ya mwaka 1974 inamkataza mkopeshaji kumbagua mwombaji kwa rangi, dini, jinsia au nchi alikotoka.

Alama zina thamani gani mfukoni? Tuseme wewe na jirani yako mnanunua gari la mkopo la dola 15,000, la kulipwa kwa miaka 5. Mwenye alama nzuri anapewa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Atalipa dola 297 kila mwezi. Asiye na alama anapewa asilimia 18. Atalipa dola 381. Tofauti ni dola 84 kwa mwezi, na mpaka deni liishe ni zaidi ya dola 5,000. Gari ni lile lile, na kazi ya kulilipia ni ile ile ya usiku ghalani.

Kupata kadi ya kwanza

Kabla ya kuomba kadi, hakikisha una akaunti ya benki na kipato kinachoingia, hata kama ni kidogo. Benki nyingi zitakuomba namba ya soshal (Social Security). Kama huna, uliza kama wanapokea ITIN, namba ya kodi inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani; wapo wanaoikubali. Ukiwa chini ya miaka 21, sheria inadai uonyeshe kipato chako mwenyewe au uwe na mtu wa kukudhamini.

Kwa wewe usiye na historia yoyote, kadi inayokufaa zaidi ni kadi yenye dhamana. Unaweka benki kiasi fulani, mara nyingi dola 200 au 300, nacho ndicho kinachokuwa kikomo chako. Fedha hiyo si ada, na wala bili hailipwi kutoka humo. Inakaa pembeni kama ulinzi wa benki, nawe unalipa bili zako kila mwezi kama mtu mwingine yeyote. Ukitumia vizuri kwa miezi kadhaa, benki nyingi hukurudishia dhamana na kukupandisha kwenye kadi ya kawaida.

Usisahau vyama vya akiba na mikopo vinavyomilikiwa na wanachama wake. Wamarekani huviita credit union, na mtu aliyezoea SACCOS atavielewa mara moja. Mara nyingi ada zao ni ndogo na wana subira zaidi kwa mtu anayeanza.

Kabla ya kusaini, uliza maswali haya manne na usiondoke bila majibu:

1. Je, kadi hii inaripotiwa kwa kampuni zote tatu za taarifa za mikopo? Isiporipotiwa, haikujengei chochote.
2. Ada ya mwaka ni kiasi gani? Zipo kadi nzuri zisizo na ada ya mwaka, kwa hiyo huna haja ya kuanza na yenye ada kubwa.
3. Riba ni asilimia ngapi? Hata kama hukusudii kuilipa, ijue.
4. Dhamana yangu itarudishwa lini na kwa masharti gani?

Jihadhari na jambo linalowachanganya wengi: kadi ya kawaida ya benki inayokata fedha zako mwenyewe, na ile unayoijaza kwanza ndipo utumie, kwa kawaida hazijengi historia. Unaweza kuzitumia miaka 10 ukabaki pale pale.

Pia usiombe kadi nyingi kwa mpigo. Kila ombi rasmi huacha kumbukumbu ya uchunguzi kwenye ripoti kwa miaka 2, na huweza kushusha alama zako kidogo. Benki nyingi zina ukurasa wa kuangalia kama una nafasi ya kukubaliwa kabla hujaomba rasmi, huo haukudhuru. Na pale dukani unapoambiwa ukichukua kadi yao leo utapunguziwa bei ya nguo, sema asante, endelea na safari yako. Kadi za maduka mara nyingi zina riba ya juu.

Kwa mkimbizi aliyeletwa na mpango wa serikali kuna jambo jingine. Wengi huja na mkopo wa nauli uliotolewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Mkopo huo hauna riba, lakini ni mkopo kweli. Mashirika mengi yanayokusanya marejesho yake huripoti malipo hayo kwa kampuni za taarifa za mikopo. Wapo ndugu waliozitupa barua zake wakidhani ni karatasi za matangazo, kumbe zilikuwa nafasi yao ya kwanza ya kujenga jina. Zitafute, panga malipo, na kama kiasi ni kizito piga simu uombe kipunguzwe.

Mwezi mmoja wa kadi

Kadi ina tarehe mbili, na ukizielewa hizo umeielewa kadi. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu: benki inajumlisha ulichotumia na kukuandikia bili. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009, bili lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho, na siku hiyo lazima iwe tarehe ile ile kila mwezi. Ukilipa bili yote kufikia siku hiyo, manunuzi yako hayatozwi riba.

Tuchukue mfano. Una kadi yenye kikomo cha dola 300. Hesabu inafungwa tarehe 8, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Mwezi huu umelipia kwa kadi mambo mawili tu: petroli dola 40 na simu dola 45. Jumla ni dola 85.

Ukisubiri mpaka tarehe 8, benki itaripoti kwamba umetumia dola 85 kati ya 300, yaani asilimia 28 ya kikomo. Si vibaya, washauri wengi husema usipite asilimia 30. Lakini wenye alama za juu kabisa kwa kawaida huonekana wametumia chini ya asilimia 10. Kwa hiyo tarehe 5 unafungua programu ya benki kwenye simu na kulipa dola 65. Tarehe 8 inafika, bili inatoka ikionyesha dola 20, chini ya asilimia 7. Kabla ya tarehe 3 unalipa hizo 20. Umetumia dola 85, umelipa dola 85, riba ni sifuri, na kampuni za taarifa zimepokea habari njema mbili: amelipa kwa wakati, na anatumia kidogo.

Angalia kwamba bili ilitoka ikiwa na kiasi fulani, hata kama ni kidogo. Hiyo inatosha kabisa kuonyesha kwamba kadi inatumika. Huhitaji kuvusha deni kwenda mwezi unaofuata.

Fanya mambo matatu ili mwezi huo ujirudie bila kukuchosha. Kwanza, chagua gharama moja au mbili ambazo ungezilipa hata kama usingekuwa na kadi, kama simu au petroli, na uziache hizo tu kwenye kadi. Pili, washa malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti yako, na uchague yalipe bili yote, si kiwango cha chini. Tatu, kama unalipwa kila baada ya wiki mbili na siku ya mwisho inaangukia kabla ya mshahara, piga simu uombe tarehe ibadilishwe. Benki nyingi hukubali, na hapo hutakuwa na wasiwasi wa malipo kukutana na akaunti tupu.

Baada ya takriban miezi 6 utapata alama yako ya kwanza ya FICO. Hiyo ndiyo miezi ya chini inayohitajika kwa akaunti mpya.

Mtego wa kiwango cha chini

Kwenye kila bili utaona namba mbili. Moja ni kubwa: deni lote. Nyingine ni ndogo na inapendeza macho: kiwango cha chini cha kulipa. Ukilipa hiyo ndogo huhesabiwi kuwa umechelewa, na hapo ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu mambo yanaonekana kwenda sawa.

Tuseme unadaiwa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni dola 20. Ukilipa dola 30, ni dola 10 tu zimepunguza deni. Ukiendelea kulipa 30 kila mwezi bila kununua kitu kingine, utamaliza baada ya miezi 56, karibu miaka 5, ukiwa umelipa kama dola 1,660. Ukilipa dola 100 kwa mwezi, unamaliza ndani ya mwaka mmoja, na riba yote ni kama dola 127. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwenye kadi, dawa ni kulipa mapema na kulipa kingi.

Kwa Waislamu, riba ina uzito mwingine kabisa. Ukilipa bili yote kila mwezi hutoi riba. Hata hivyo mkataba wa kadi wenyewe una kipengele cha riba, na wanachuoni wanatofautiana juu ya kuusaini. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kuomba. Ukiamua kukaa mbali na kadi, zipo njia nyingine, ikiwemo kumwomba mwenye nyumba akuripotie kodi unayolipa kila mwezi kupitia huduma za namna hiyo.

Kadi na ndugu

Wengi wetu hatuishi peke yetu, hata tukiwa peke yetu chumbani. Usiku simu inalia: kuna msiba Kigoma, ada ya shule Uvira, mgonjwa Mombasa. Hapo kadi inaonekana kama jibu. Elewa kwamba kutuma fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo mara nyingi huhesabiwa na benki kama kuchukua fedha taslimu. Kuna ada papo hapo, riba huwa ya juu zaidi, na huanza kuhesabiwa siku ile ile, bila zile siku za kulipa bila riba unazopata kwa manunuzi. Tuma kwa kadi ya kawaida ya benki au kutoka akaunti yako. Na tangu mshahara wa kwanza, weka kando kidogo kila mara kwa ajili ya simu za namna hiyo, maana zitakuja.

Kumpa ndugu kadi yako akanunue vitu ni kumpa jina lako. Akichelewa kurudisha, ripoti haitaandika kwamba ni shemeji aliyekosea. Vivyo hivyo kumdhamini mtu kwa mkopo wa gari. Kwa sheria wewe ni mdaiwa kama yeye, na malipo anayoyakosa yataonekana kwako. Unaweza kumkatalia kadi na bado ukamsaidia: mpe unachoweza kutoa taslimu, kiasi ambacho hata kisiporudi hutalala njaa.

Ipo njia iliyo salama zaidi ya kumsaidia mtu wako wa karibu kuanza: kumwongeza kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yako. Kwa benki nyingi, historia ya kadi hiyo itaonekana pia kwenye ripoti yake. Si lazima hata umkabidhi kadi ya plastiki. Lakini mwenye kadi ndiye anayedaiwa kila kitu, na kadi ikiharibika inaweza kuwaathiri wote wawili. Ifanye tu pale ambapo kadi inalipwa yote kila mwezi na kikomo hakiguswi sana.

Mama, nawe uwe na jina lako

Hili nalisema kwa msisitizo. Marekani haina ripoti ya mikopo ya familia. Mume ana yake, mke ana yake, na ndoa haiziunganishi. Katika nyumba nyingi za watu wetu, mkataba wa apatimenti, mkopo wa gari, umeme na kadi vyote vimeandikwa jina la baba. Mama anafanya kazi, anachangia, lakini kwenye kumbukumbu hayupo. Siku baba akifariki au ndoa ikivunjika, mama huyo anasimama mbele ya mwenye nyumba na watoto wanne kama mtu aliyeshuka ndege jana.

Sheria ile ya mwaka 1974 inampa mwanamke haki ya kuomba mkopo kwa jina lake mwenyewe, na mkopeshaji hawezi kudai saini ya mume ikiwa mwombaji anatimiza masharti peke yake. Kadi moja yenye dhamana ya dola 200, ikitumiwa kulipia simu tu, inatosha kumwandikia mama historia yake. Mume mwenye busara atalisimamia hilo mwenyewe.

Soma ripoti yako

Una haki ya kuona ripoti zako bure kutoka kwa kampuni zote tatu kupitia annualcreditreport.com. Kwa sasa unaweza kuziomba kila wiki. Kuangalia ripoti au alama zako mwenyewe hakuzishushi, kwa hiyo usiogope.

Sisi tuna sababu ya pekee ya kusoma kwa makini. Wakimbizi wengi waliosajiliwa kambini waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Majina yetu nayo hupinduliwa: la ukoo linakuwa la kwanza, la babu linaachwa, herufi moja inabadilika kati ya hati na hati. Unapokuwa na watu wawili wenye majina yanayokaribiana, waliozaliwa siku moja kwenye karatasi, na pengine waliokaa jengo moja, taarifa za mmoja zinaweza kuingia kwenye faili la mwingine. Angalia kila anwani, kila akaunti na kila namba. Na kuanzia siku ya kwanza andika jina lako kwa namna moja kila mahali: benki, kazini, kwenye mkataba wa nyumba.

Ukiona kosa, wapelekee pingamizi kampuni ya taarifa iliyoandika kosa hilo na pia mkopeshaji aliyeliripoti. Eleza kosa liko wapi, ambatisha nakala za vithibitisho, baki na zile halisi. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza na kukujibu. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani au nenda kwenye shirika lililokupokea. Usimtwishe mtoto wako wa shule ya msingi kazi ya kusoma madeni ya nyumba.

Ukihofia kwamba mtu ana namba yako ya soshal, unaweza kuzuia ripoti zako zisifunguliwe kwa maombi mapya. Tangu mwaka 2018 huduma hiyo ni bure kwa kampuni zote tatu, na unaiondoa unapotaka kuomba mkopo.

Wakimbie hawa

Atakuja mtu, pengine anazungumza Kiswahili safi, aseme anafuta madeni kwenye ripoti kwa dola mia kadhaa. Sheria inakataza kampuni za kurekebisha historia ya mikopo kudai malipo kabla ya kazi kufanyika, na inakupa siku 3 za kuvunja mkataba. Taarifa mbaya iliyo ya kweli hakuna mwenye uwezo wa kuifuta. Iliyo ya uongo unaweza kuiondoa wewe mwenyewe bure.

Hatari zaidi ni anayekuuzia namba mpya ya tarakimu tisa uitumie badala ya soshal, akiiita CPN. Mara nyingi namba hizo zimeibwa, wakati mwingine kwa watoto. Kuitumia kwenye ombi la mkopo kunaweza kukufikisha mahakamani, na kwa mtu ambaye bado anatafuta uraia, madhara yake yanaweza kuzidi deni lolote.

Mambo yakiharibika

Kazi inaweza kuisha, ugonjwa unaweza kuingia. Ukiona hutaweza kulipa, piga simu benki kabla ya siku ya mwisho, si baada yake. Waeleze, uliza kama wana mpango wa kupunguza malipo kwa muda. Ukichelewa siku chache utatozwa faini, lakini kwa kawaida benki hairipoti kuchelewa mpaka zipite siku 30. Kwa hiyo ukikumbuka siku ya kumi, lipa siku hiyo hiyo. Bado hujachafua jina. Siku 30 zikipita, kumbukumbu ya kuchelewa inaweza kukaa kwenye ripoti miaka 7, ingawa makali yake hupungua kadiri unavyoendelea kulipa vizuri.

Bili za hospitali zina kanuni zake. Tangu mwaka 2023, kampuni tatu za taarifa haziweki deni la matibabu lililo chini ya dola 500, na lililokwisha kulipwa huondolewa. Kabla ya kulilipa deni la hospitali kwa kadi, iombe hospitali mpango wa awamu au msaada wa kifedha. Ukishalihamishia kwenye kadi, limekuwa deni la kawaida lenye riba.

Deni likishakuzidi nguvu, tafuta mshauri wa shirika lisilo la faida, kwa mfano walio chini ya National Foundation for Credit Counseling. Aibu isikuzuie. Deni linakua kila mwezi unaonyamaza.

Ratiba ya mwaka wa kwanza

Mwezi wa 1: fungua akaunti ya benki, omba ripoti zako tatu uone kama kuna chochote, kisha omba kadi moja yenye dhamana isiyo na ada ya mwaka.

Mwezi wa 2 hadi wa 6: lipia kwa kadi gharama moja au mbili tu. Punguza deni kabla ya hesabu kufungwa, lipa bili yote kabla ya siku ya mwisho. Usiombe kadi nyingine.

Mwezi wa 7: angalia alama yako ya kwanza. Benki nyingi huionyesha bure ndani ya programu yao. Soma ripoti tena.

Mwezi wa 8 hadi wa 12: uliza benki kuhusu kurudishiwa dhamana au kuongezewa kikomo. Kikiongezwa, matumizi yako yabaki yale yale. Ukihitaji kadi ya pili, omba moja tu. Kama unatafuta mkopo wa gari, fanya maombi yako yote ndani ya siku 14, maana FICO huyahesabu kama ombi moja.

Baada ya hapo, iache kadi ya kwanza ikiwa hai hata ukipata bora zaidi, mradi haina ada. Inakuongezea umri wa historia na nafasi ya kikomo. Itumie kulipia kitu kidogo mara kwa mara ili benki isiifunge.

Kama tayari una kadi, usisubiri mwezi mpya. Fungua bili yako leo, tafuta siku ya kufunga hesabu na siku ya mwisho ya kulipa, ziandike kwenye kalenda ya simu, kisha badilisha malipo ya moja kwa moja yatoke kwenye kiwango cha chini na kuwa bili yote. Kama huwezi bado kulipa yote, andika kiasi unachokimudu kilicho kikubwa kuliko kile cha chini, na uiweke kadi nyumbani mpaka deni liishe.